Upinde Uliokuwa Chini ya Kitanda

Ninauza misumari. Duka langu liko Gerezani, karibu na mafundi wa mabati wanaogonga tangu asubuhi hadi adhana ya magharibi, mahali ambapo mgeni huziba masikio na sisi wenyeji hukosa usingizi siku za sikukuu kwa sababu ya kimya. Nauza pia bawaba, komeo, rangi na wavu wa dirisha, lakini ukiniuliza kazi yangu nitakujibu misumari, maana ndiyo iliyonilea. Kwa miaka mingi niliamini kwamba msumari wa inchi sita una kazi moja tu duniani, nayo ni kushika kenchi ya paa. Aliyenitoa ujinga huo alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu.

Bwana huyu alikuwa akileta vitunguu vya Mang'ola pale Shimoni, chini ya soko kuu la Kariakoo (hiyo ni kabla ya moto wa Julai 2021). Akishauza mzigo wake hupita kwangu kununua vitu vya kurudi navyo. Siku moja ya mwezi Juni mwaka 2009 aliagiza kilo ishirini za inchi sita, nami nikamtania kuwa sasa amekuwa tajiri, anajenga nyumba ngapi kwa mpigo.

"Nyumba gani, kaka?" akasema. "Hii wanakwenda kuifua Wamang'ati. Wanatengeneza mishale, wanabadilishana na Watindiga kwa asali."

Watindiga ni jina tulilofundishwa shuleni. Wenyewe hujiita Wahadzabe, na ndilo nitakalotumia. Nilimpimia misumari yake, nikamrudishia chenji yake, kisha nikakaa juu ya ndoo ya rangi. Kijana wangu wa dukani akaniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Ni kwamba neno mshale halikuwa limepita kinywani mwangu kwa miaka thelathini na mitatu.

Baba yangu alikuwa Msandawe wa Kwa Mtoro, wakati ule ikiwa wilaya ya Kondoa na sasa Chemba. Alishuka Dar es Salaam katika miaka ya hamsini, akawa hamali sokoni. Alianzia katika soko la zamani, lile banda kubwa la Wajerumani ambako Waingereza waliwaweka wapagazi wao wa vita, Carrier Corps, jina ambalo midomo yetu ililigeuza likawa Kariakoo. Banda lilipobomolewa na soko jipya lililosanifiwa na Beda Amuli likafunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975, baba alihamishia mkokoteni wake kwenye milango mipya na kuendelea kama kawaida. Huwa nafikiri hakuna mtu aliyekuwa na haki ya kuishi mtaa ule kumzidi yeye, maana jina la mtaa lilikuwa jina la kazi yake.

Tulipanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, choo uani. Chini ya kitanda cha wazazi wangu kulikuwa na gunia refu, na ndani ya gunia upinde, podo la ngozi na mishale minne. Kila baada ya wiki mbili tatu, watu wakishalala, baba alifunga mlango kwa komeo, akautoa upinde na kuupaka mafuta ya kondoo kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayemkanda mtoto. Ugwe aliuacha umefunguliwa siku zote. Aliniambia kwamba upinde unaolala umekazwa huchoka kama mtu asiyevua viatu. Alipokuwa akifanya kazi hiyo alinong'ona Kisandawe, lugha yenye vidoko, zile sauti za ulimi kugonga kaakaa ambazo Mswahili huzitumia kumswaga punda au kuonyesha kuchukizwa. Mama alikuwa Mzaramo, hakuijua. Mimi nilifundishwa maneno machache tu, salamu na jina alilopenda kuniita.

Jina hilo ndilo lililoniponza. Aliniita siku moja mbele ya wenzangu, kwa sauti, na kuanzia jioni ile sikupita uchochoro wowote bila kupigiwa vidoko. Wewe msomaji uliyekulia mtaani unajua watoto walivyo. Walipiga vidoko nikienda dukani, walipiga nikichota maji, mpaka mtoto mdogo asiyejua kusema akajifunza. Nilianza kumwona baba kama mzigo ambao yeye mwenyewe hakuuona, yeye aliyezoea kubeba ya wengine.

Mwaka 1976 nilikuwa na miaka kumi na minne na nilitaka viatu vya raizoni. Kila kijana alitaka raizoni, na suruali ya bugaluu iliyofagia vumbi, wakubwa wakigomba bure. Fedha sikuwa nazo. Nilichukua gunia mchana, baba akiwa sokoni na mama kwa jirani, nikaenda nalo mjini kwenye barabara inayoitwa Samora siku hizi, nikamwuzia muuza vinyago kwa shilingi arobaini. Hakuniuliza umetoka wapi. Alivuta ugwe mara moja kwa kidole, akacheka, akahesabu fedha.

Nilihitaji maneno ya kumwambia baba, na maneno niliyapata tayari. Mwezi Septemba mwaka 1973 serikali ilikuwa imepiga marufuku uwindaji nchi nzima. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1978, uwindaji wa kitalii uliporudishwa chini ya shirika la TAWICO. Kwa hamali wa Kariakoo habari hiyo ilikuwa mbali kama mvua ya Songea, lakini kila mtu alikuwa ameisikia redioni. Basi jioni nilimwambia baba kwamba balozi wetu wa nyumba kumi amepita, amesema silaha zote za kuwindia zinakusanywa, nami nikampa gunia ili tusije tukapata taabu.

Baba alinitazama. Akauliza jambo moja tu: "Amekuandikia karatasi?"

Nikasema hapana.

Akainama chini ya kitanda kuhakikisha. Halafu alikwenda kunawa, akala, akatoka kwenda kukaa barazani kama siku zote. Tangu jioni hiyo hakuniita tena kwa jina lile la Kisandawe. Mimi, kwa upumbavu wa umri, nilifurahi. Raizoni zilikatika kisigino kabla ya mwezi wa Ramadhani.

Alifariki mwaka 1989, tukamzika Kisutu. Miaka kumi na mitatu tuliishi pamoja baada ya siku ile, tukila sahani moja, na sikumwambia.

Sasa utaelewa kwa nini, wiki moja baada ya kuuza misumari ile, nilimwachia kijana duka nikapanda lori tupu la vitunguu. Safari sitaieleza. Anayeijua barabara ya Chalinze, Korogwe na Moshi anaijua, na asiyeijua atachoka tu. Kutoka Arusha ni lami hadi Karatu, halafu unashuka kwenye vumbi jekundu mpaka Mang'ola, penye chemchemi na mashamba ya vitunguu ya kijani kibichi, na nyuma yake Ziwa Eyasi likimeta chumvi. Mahali pa ajabu kidogo. Kitunguu ninachokatia kachumbari nyumbani kilikuwa kimenitangulia kuyaona haya yote.

Kwenda porini na Wahadzabe huendi peke yako. Unalipa ada kijijini, unapewa mwongozaji anayejua lugha yao. Wetu alikuwa kijana mchangamfu mwenye koti la jeshi, na alitueleza masharti kabla ya mapambazuko: "Wageni hawapigi mnyama. Mnafuata, mnatazama, mkiweza mnakimbia. Mtapiga shabaha kwenye gogo tukirudi." Nasema "wageni" kwa sababu nilikuwa mmoja wao, tena nilitozwa ada kama wao, ingawa ya Mtanzania ni nafuu. Mwenzangu alikuwa Mmarekani mmoja, mtu mzima wa mvi, mpole, aliyekuja na buti nzuri na maswali machache.

Tuliwakuta wanaume watano wamezunguka moto, mmoja mzee, wengine vijana. Mzee alitandika mishale yake chini tuione. Ya kwanza ni mti mtupu uliochongwa ncha, ya ndege na wanyama wadogo. Ya pili ina chembe cha chuma kisicho na sumu. Ya tatu chembe chake kimefungwa utepe wa ngozi, na hiyo hukuruhusiwa kuigusa, kwani chini ya ngozi kuna sumu nyeusi iliyochemshwa kutokana na mti unaochanua maua ya waridi wakati wa kiangazi, na ndiyo inayoangusha mnyama mkubwa. Nilishika chembe kile cha pili na kukigeuza. Shingoni mwake kulibaki mistari midogo ya kubana, ile iliyo chini ya kichwa cha kila msumari ninaouza. Fundi alifua chuma chote akaisahau alama ile. Sikusema kitu, lakini moyoni nilijisikia kama mtu aliyekutana na ndugu yake ughaibuni.

Wale watu hawatembei, wanapita. Hawakuangalia kama tunafuata. Mbwa mbele, vijana wametawanyika, mzee katikati akiangalia chini na juu kwa zamu. Katika saa ya kwanza waliangusha ndege wawili na kindi mmoja. Kisha mlembe, yule ndege anayewaongoza watu kwenye nyuki, alianza kelele zake kutoka mti hadi mti, na mzee akamjibu kwa mluzi, wakaitikiana hivyo mpaka tukafika chini ya mbuyu wenye mzinga. Asali ilikuwa ya moto kutoka kwenye moshi, na masega tuliyala pamoja na majana. Nilimeza bila kutazama.

Saa ya tatu hivi digidigi alisimama kwenye kichaka. Sikumwona mpaka mshale ulipokuwa umeshatoka. Ulimpata ubavuni, akaruka, akapotea. Mimi nilianza kukimbia, kwa kuwa damu ya Kariakoo inakimbilia kila kinachokimbia. Mwongozaji alinishika shati. Mzee alikuwa ameshaketi chini, anatafuta kiko. Nikageuka nikamwona Mmarekani naye ameketi, bila kuambiwa na mtu, mgongo kwenye mti, kama aliyefika kwake.

"Ukimfukuza anakwenda mbali," alieleza, mwongozaji akitafsiri. "Ukimwacha analala."

Ndipo ikajulikana kwamba kwao, katika jimbo la Maine, huwinda dubu mweusi kwa upinde. Alisema nao hukodi mwongozaji. Mwongozaji huyo huweka pipa msituni na kulijaza maandazi ya sukari na shira ya miwa wiki kadhaa kabla, dubu azoee. Msimu ukianza mwishoni mwa Agosti, mwindaji huketishwa juu ya mti kwenye jukwaa dogo kuanzia mchana hadi giza, asikohoe, asijikune, kwani dubu anaweza asiione sura yako lakini pua yake haidanganyiki. Upinde wao ni wa kisasa, una magurudumu madogo kwenye ncha yanayopunguza uzito wa kuvuta. Dubu akija hatua ishirini, unapiga, halafu unakaa. Mbele ya pipa, kwenye giza, unakaa na kuhesabu dakika, kisha unashuka na taa kufuata damu. Alisema kukaa huko ndiko kugumu kuliko yote. Aliongeza kwamba si wote kwao wanaopenda namna hiyo ya pipa. Mwaka 2004 wananchi wa Maine walipigia kura hoja ya kuipiga marufuku, na hoja ikashindwa.

Kijana alipojaribu kuyafikisha haya kwa mzee alikwama kwenye neno dubu. Afrika haina dubu. Waliokuwako katika milima ya Atlas, kule kaskazini, walikwisha zamani. Sisi tunamjua kwa picha. Mmarekani akachora kwa kijiti mavumbini: mwili, masikio, kucha.

"Anakula asali?" mzee akauliza.

"Sana. Anapasua mti kuifuata."

"Basi ni nyegere aliyenenepa," mzee akasema, na vijana wakacheka mpaka mbwa wakainuka. Halafu akauliza, bila mzaha: "Kama mna chakula cha kujaza pipa, kwa nini hamkili wenyewe?"

Mmarekani alicheka naye, kisha akanyamaza. Alisema nyama huiweka kwenye friji na kuila majira yote ya baridi, na mafuta yake mkewe hupikia. Akasema tena kwamba hilo si jibu la swali, anajua. Nilimpenda kwa hilo. Ningekuwa mimi ningetoa hoja.

Digidigi tulimkuta hatua hamsini tu mbele, amelala kama aliyesinzia. Moto waliupekecha kwa vijiti viwili, na kila mtu akapata kipande chake. Nami mwana wa hamali nilipewa ini.

Tuliporudi kambini ikaja zamu ya gogo. Mmarekani alivuta kwa shida akapata shabaha mara mbili kati ya tatu, akasifiwa. Mimi niliushika upinde, nikauinua kama nilivyomwona baba akiuinua usiku, na ugwe haukuja. Ulifika nusu tu, mkono ukitetemeka, mshale ukaanguka hatua tano mbele yangu. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Nikaona sasa ni wakati wa lile nililolijia. Nilikuwa nimejidanganya njia nzima kwamba watu wa vidoko ni wamoja. Nikamgeukia mzee nikamwamkia kwa salamu ya Kisandawe, kwa sauti ya baba kadiri nilivyoikumbuka. Mzee alimtazama mwongozaji. Mwongozaji akanitazama mimi. Mzee akasema kitu, vijana wakaangua kicheko.

"Anauliza," kijana akasema kwa haya, "kama unaumwa jino, mzee wangu."

Baadaye niliambiwa na watu wanaojua kwamba lugha hizi mbili, pamoja na vidoko vyake vyote, hakuna aliyethibitisha kuwa zina undugu. Ningeuliza mapema ningejiokoa. Lakini aibu ile ilinifungua kinywa. Nilimwambia mzee habari ya gunia, ya muuza vinyago, ya balozi ambaye hakupita. Kijana alitafsiri akiwa ameinamisha kichwa. Mzee alisikiliza huku akinyoosha mti wa mshale kwa meno, akiutia motoni na kuutoa. Mwisho aliuliza maswali mawili.

"Ugwe ulikuwa umefunguliwa?"

"Ndiyo. Siku zote."

"Na baba yako alitengeneza mwingine?"

"Hapana. Tulikuwa mjini."

Akaweka mshale chini. "Mjini hakuna miti?"

Sikuwa na jibu. Mtu wa Mang'ola anaruhusiwa kuuliza hivyo. Watu hawa, wanaozidi elfu moja kidogo tu, waliwahi kuhamishiwa kijijini na serikali katika miaka ya sitini wakalime, na wengi wakarudi porini. Mwaka 2011 wenzao wa bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi yao. Wao wakinyang'anywa, hutengeneza tena. Baba yangu aliishi Kariakoo miaka kumi na mitatu zaidi, akiwa na mikono mizima na mwembe uani, na hakuchonga hata manati.

Swali hilo nilirudi nalo Dar es Salaam, na halikuniacha nikipima misumari. Balozi wetu wa zamani alikuwa bado hai, amepita miaka sabini, anakaa Mtaa wa Sikukuu na mjukuu wake. Nilimwendea siku ya Ijumaa baada ya sala nikiwa na kilo mbili za sukari. Nilimshika miguu nikamwambia, "Shikamoo mzee. Mwaka 1976 nililitumia jina lako vibaya, nimekuja kuomba radhi." Nikaanza kueleza. Hakuniacha nimalize.

"Marahaba. Baba yako alinijia usiku uleule," akasema. "Alikuja na gunia tupu mkononi. Akaniuliza kama upinde umefika salama na kama nitamwandikia karatasi. Nikamwambia, ndugu yangu, upinde gani? Akasimama pale mlangoni," akaonyesha mlango, "akasimama sana. Halafu akasema basi, bwana balozi, yaishe. Mtoto akikuuliza, mwambie umeupokea."

Niliuliza kama alisema neno jingine.

Mzee alifikiri. "Aliuliza misumari inauzwa wapi, ya kupigilia mguu wa kitanda. Kitanda kilikuwa kinacheza, alisema, tangu gunia litoke."

Mjukuu akaleta chai. Tuliinywa, tukazungumza habari za bei ya sukari, na kuelekea alasiri nilirudi Gerezani kufungua duka.